Chati, grafu na kilele: kueleza kwa Kiswahili vipimo vinavyosomwa kwa kasi

Katika madarasa yetu maneno "chati" na "grafu" huishi kama majirani wasiogombana. Mwalimu wa hisabati huchora grafu ya mlinganyo ubaoni, mwalimu wa jiografia hubandika chati ya mvua ukutani, na mwanafunzi akilitumia neno moja mahali pa jingine hakuna anayemkosoa. Hali hubadilika pale mfasiri anapokabidhiwa mwongozo wa programu ya kukusanya vipimo, yaani programu inayopokea usomaji kutoka kwenye vihisi na kuuonyesha katika kiwambo cha kompyuta. Katika LabVIEW, programu iliyotolewa na kampuni ya National Instruments mwaka 1986, hivi ni vitu viwili vyenye tabia tofauti. Chati hupokea vipimo vipya na kuviunga mwishoni mwa vile vilivyotangulia, ikihifadhi idadi maalumu ya vipimo vya nyuma. Mtumiaji asipobadilisha mpangilio, idadi hiyo ni 1,024. Grafu haina kumbukumbu ya namna hiyo: fungu jipya la vipimo likifika, la zamani hufutika na mchoro huanza upya.

Mfasiri anayeandika "grafu" kote humwacha fundi akijiuliza kwa nini vipimo vya dakika iliyopita vimetoweka. Kwa hiyo inafaa, katika fani hii, kutenga maneno: chati kwa mchoro unaoendelea kukua, grafu kwa mchoro wa fungu lililokwisha kupimwa. Lugha ya kila siku haihitaji mpaka huu, wala hatuna haja ya kuulazimisha nje ya fani.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, hauko kwenye jina la mchoro. Uko kwenye kile ambacho mchoro umekiacha nje bila kusema. Ili tusizungumze hewani, tuuangalie ugumu huo mahali ambapo una uzito.

Mtetemo wa Tarime

Mgodi wa dhahabu wa North Mara uko Nyamongo, wilayani Tarime, na ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002. Machimbo yake ni Nyabirama, Nyabigena na Gokona. Kusini mwake hupita Mto Mara, ambao katika eneo hilo ndio unaozigawa wilaya za Tarime na Serengeti. Mwamba mgumu hauchimbwi kwa sururu. Hutobolewa mashimo, hujazwa baruti na kulipuliwa. Vijiji viko karibu, na kwa miaka mingi baadhi ya wakazi wamelalamika kwamba milipuko hutikisa nyumba zao na kuzitia nyufa.

Makala haya hayaamui malalamiko hayo, wala hayazungumzii taarifa yoyote iliyowahi kutolewa na mgodi au na mamlaka. Yanaangalia jambo dogo zaidi, ambalo mfasiri na mwalimu wanaweza kulishughulikia. Mlipuko ukipimwa, matokeo huwa mchoro wenye maneno machache kandokando. Maneno hayo yakipelekwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji yakiwa yametafsiriwa vibaya, mchoro ulio sahihi unaweza kusomwa kuwa uongo, na mchoro unaoficha jambo unaweza kusomwa kuwa ushahidi.

Tuanze na jina la kinachopimwa. "Tetemeko" hutumika kwa tukio zima la ardhi kutikisika kwa nguvu za asili, kama lile la tarehe 10 Septemba 2016 mkoani Kagera, lenye ukubwa wa 5.9. "Mtetemo" ni mwendo wenyewe wa kwenda na kurudi, uwe wa ardhi, wa uzi wa zeze au wa mashine ya kusaga. "Mtikisiko" uko karibu na mtetemo, lakini magazeti yamekwisha kuupeleka kwenye siasa na uchumi, hata mtu akisikia "mtikisiko" hufikiria benki au baraza la mawaziri kabla ya ukuta wa nyumba. Basi mlipuko wa mgodini hutoa mtetemo. Kuuita tetemeko ni kutia chumvi. Kuuita mtikisiko ni kuupunguzia maana.

Kihisi, si sensa

Kifaa kinachotumiwa huwa na sehemu inayofukiwa au kufungwa imara ardhini, iitwayo jiofoni. Ndani yake kuna sumaku na koili ya waya. Ardhi ikitetema, kimoja kati ya viwili hivi husogea kuliko kingine na kuzaa umeme mdogo ambao ukubwa wake hufuata kasi ya mwendo huo. Kwa kawaida huwa tatu katika kasha moja, kwa mielekeo mitatu, na pembeni huwekwa maikrofoni ya kupima msukumo wa hewa. Umeme huo husomwa na kigeuzi, ambacho huubadili kuwa tarakimu.

Jina la jumla la kitu kama jiofoni ni "kihisi". Wapo wanaoandika "sensa", kwa kufuata sauti ya neno la kigeni. Nchini Tanzania neno hilo lina mwenyewe: ni hesabu ya watu na makazi, na baada ya sensa ya mwaka 2022 hakuna kijiji kisicholijua. Sentensi "sensa imewekwa karibu na shule" itawafanya wazazi wasubiri karani wa kuhesabu watu.

Neno "sampuli" lina mtego wa aina hiyo, ila ni mtego wenye kina zaidi. Katika maeneo ya machimbo sampuli ni kitu cha kushika mkononi: kipande cha mwamba kinachopelekwa maabara, chupa ya maji yaliyotekwa mtoni. Katika mbinu za utafiti, sampuli ni watu wachache walioteuliwa kuwawakilisha wengi, na kazi ya kuwateua huitwa usampulishaji. Fani ya vipimo vya kielektroniki imeongeza maana ya tatu: thamani moja iliyosomwa kwa wakati mmoja. Kifaa cha kupimia milipuko husoma kwa kawaida mara 1,024, 2,048 au 4,096 kila sekunde. Ukimwambia mkazi wa Nyamongo kwamba "zilichukuliwa sampuli 2,048 kwa sekunde", ana haki ya kuuliza zilibebwa kwa gari gani.

Kwa hati za wataalamu, "kiwango cha usampulishaji" kinatosha na kimekwisha kuzoeleka kiasi. Kwa msomaji wa kawaida ninapendekeza kitenzi: kifaa "husoma mtetemo mara 2,048 kila sekunde". Kiswahili hupenda kitenzi pale lugha nyingine hurundika nomino, na hapa kitenzi kinaondoa utata wote kwa neno moja.

Hesabu ya kiwambo

Sasa tuhesabu. Kifaa kinachosoma mara 2,048 kila sekunde kikiachwa wazi kwa siku nzima, yenye sekunde 86,400, kitakusanya usomaji 176,947,200 kwa kila mwelekeo mmoja. Kiwambo cha kawaida cha kompyuta kina safu 1,920 za nukta kutoka kushoto hadi kulia. Gawanya: kila safu moja inapaswa kubeba usomaji 92,160, ambao ni sawa na sekunde 45 za wakati. Mtetemo wa mlipuko mmoja, ukisikika kwa sekunde mbili hivi, unatoshea wote ndani ya safu moja na kubakiza nafasi.

Programu haina budi kuamua ni nini kionekane katika safu hiyo. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na tuchukue mfano wa kubuni: siku tulivu yenye mlipuko mmoja wa sekunde mbili ambao kilele chake ni milimita 10 kwa sekunde.

Njia ya kwanza ni kudokoa. Programu huchukua usomaji mmoja, huruka 92,159 inayofuata, kisha huchukua mwingine. Ni njia ya haraka, haihitaji hesabu yoyote, na kwa joto la chumba haina ubaya. Kwa mlipuko ni bahati nasibu. Nafasi ya usomaji uliodokolewa kuangukia ndani ya zile sekunde mbili kati ya 45 ni takriban 4 kati ya 100, na hata ukiangukia humo si lazima uangukie kwenye kilele. Mara nyingi mno mchoro wa siku hiyo utakuwa mstari mnyoofu, na hakuna aliyesema uongo.

Njia ya pili ni wastani, na hii ndiyo inayowahadaa wasomi kwa sababu neno lenyewe lina heshima. Mtetemo huenda juu na chini ya sifuri kwa kiasi kinachokaribiana. Ukijumlisha na kugawanya, juu hufuta chini. Wastani wa safu yenye mlipuko utakuwa karibu na sifuri sawasawa na wastani wa safu ya usiku wa manane. Kudokoa kulikuwa na nafasi ndogo ya kuuona mlipuko. Wastani hauna hata hiyo. Ipo aina ya wastani inayokwepa kasoro hii kwa kuzidisha kila usomaji kwa wenyewe kabla ya kuwastanisha, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Hiyo hupima nguvu ya jumla, nayo ina kazi yake, lakini katika mfano wetu kilele cha milimita 10 kitatokea kama milimita 1.5 hivi, hata tukidhani kwamba mtetemo ulidumu na ukubwa uleule kwa sekunde zote mbili. Mtu akisoma 1.5 na kudhani ni kilele, amepotoshwa mara sita na zaidi.

Njia ya tatu ni kuchora kwa vilele. Katika kila safu programu hutafuta usomaji wa chini kabisa na wa juu kabisa, kisha huchora mstari wima unaoviunganisha. Safu za usiku zitakuwa vijistari vifupi. Safu ya mlipuko itasimama kama mwiba, na urefu wa mwiba huo ni kilele halisi. Umbo la wimbi halionekani, kwa sababu sekunde 45 zimebanwa kuwa nukta moja ya upana, lakini hakuna kilele kilichopotea. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Uwe Jugel walionyesha kwamba ukiongeza usomaji wa kwanza na wa mwisho wa kila safu, yaani thamani nne tu, mchoro wa mstari unalingana na ule ambao ungechorwa kwa data zote.

Zipo njia nyingine zenye ustadi. Sveinn Steinarsson wa Chuo Kikuu cha Iceland alieleza mwaka 2013 njia ya kuteua nukta kwa kulinganisha maeneo ya pembetatu, nayo hutumiwa sana katika kurasa za intaneti kwa kuwa huhifadhi sura ya mchoro vizuri. Mfasiri azingatie tu kwamba kuhifadhi sura si sawa na kuahidi kuhifadhi kilele. Jicho hupenda sura. Ukuta wa nyumba hauijali.

Katika Kiswahili njia hizi tatu hazijapata majina yaliyokubaliwa. Ninapendekeza "mchoro wa kudokoa", "mchoro wa wastani" na "mchoro wa vilele". Huenda "kudokoa" likaonekana neno la jikoni mno kwa hati rasmi, kwa kuwa tumelizoea kwa mtoto anayemega nyama kabla ya chakula kuandaliwa. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake: linaeleza kuchukua kidogo kutoka kwenye kingi bila kukigusa kilichobaki. Atakayeona haya aandike "mchoro wa kuruka".

Usiandike "data zimepunguzwa". Simu zetu zimekwisha kulitwaa neno "data" kwa maana ya kifurushi cha intaneti, na "kupunguza data" ni kitufe cha kubana matumizi. Zaidi ya hayo, sentensi hiyo inaashiria kwamba usomaji umefutwa, ilhali kwa kawaida faili asilia linabaki lilivyo na kilichopunguzwa ni nukta za mchoro tu. Tofauti hiyo ni kubwa mbele ya mkutano: faili likiwapo, mtu anaweza kuomba sekunde zile mbili zikuzwe na kutazamwa peke yake.

Kiwango, neno linalobeba mizigo mingi

"Kiwango" ni msaidizi wa kila mfasiri aliyechoka. Ni kima, ni ubora, ni daraja, ni kasi ya kutokea kwa jambo, na ni mpaka uliowekwa kisheria. Sentensi "kiwango cha juu cha mtetemo ni milimita 10 kwa sekunde" inaweza kumaanisha kwamba hicho ndicho kikubwa kuliko vyote kilichopimwa, au kwamba hicho ndicho kikubwa kinachoruhusiwa, au kwamba mtetemo ulikuwa mkubwa. Wasomaji watatu wataondoka na habari tatu, na mmoja wao atakuwa na hasira.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzitenganisha. Kilichopimwa kikawa kikubwa kuliko vyote ni "kilele", neno lilelile la mlima, na lina faida kwamba mchoro wenyewe unafanana nalo. Kinachoruhusiwa ni "kikomo". Kinachoamuru kifaa kianze kurekodi ni "kizingiti". Hili la mwisho linastahili sifa: vifaa vingi vya milipuko havirekodi siku nzima, bali hukesha vikisoma na kutupa, hadi mtetemo uvuke kima fulani; hapo huhifadhi tukio zima pamoja na sehemu ndogo ya muda uliotangulia. Kilicho chini ya kizingiti hakikuingia ndani ya nyumba. Kwa hiyo taarifa isemayo "hakuna mtetemo uliorekodiwa" ifasiriwe kwa uangalifu, kwa kuwa maana yake ni kwamba hakuna mtetemo uliovuka kizingiti, nacho kizingiti kitajwe.

Neno "kasi" nalo linahitaji mlinzi. Kinachopimwa na jiofoni ni kasi ya ardhi yenyewe inapotikisika pale ilipo, kwa milimita kwa sekunde. Wimbi linalobeba mtikiso huo kutoka shimoni hadi kijijini husafiri kwa kilomita kadhaa kwa sekunde katika mwamba mgumu. Ukiandika "kasi ya mtetemo" peke yake, msomaji makini atashangaa jinsi mlipuko unavyofika kwake papo hapo ilhali unakwenda milimita 10 kwa sekunde, polepole kuliko siafu. Andika "kasi ya kutikisika kwa ardhi". Wataalamu husema "kasi kilele ya chembe", nalo si kosa, ingawa "chembe" humpeleka mtu kwenye mchanga. Kwa kulinganisha, ardhi inayotetema mara 10 kila sekunde kwa kilele cha milimita 10 kwa sekunde husogea kutoka mahali pake kwa takriban milimita 0.16 tu.

Halafu kuna "masafa". Katika redio tumezoea masafa ya FM, na vitabu vya fizikia vimelifuata neno hilo. Lakini masafa ni umbali pia: mkimbiaji wa masafa marefu hakimbii hezi. Taarifa ya mlipuko lazima itaje vyote viwili, umbali kutoka shimoni hadi kwenye kifaa na idadi ya mitetemo kwa sekunde, tena mara nyingi katika mistari inayofuatana. Nimeona heri kuliacha "masafa" lipumzike katika hati za namna hii, na kuandika "umbali" kwa mita na "marudio" kwa hezi.

Marudio si pambo la taarifa. Ofisi ya Migodi ya Marekani, katika utafiti wake wa mwaka 1980, ilipendekeza vikomo vinavyobadilika kwa marudio: chini ya hezi 40, milimita 12.7 kwa sekunde kwa nyumba zenye kuta za plasta ya zamani na milimita 19 kwa zile za kisasa. Juu ya hezi 40, milimita 50.8. Kiwango cha Ujerumani, DIN 4150, ni kikali zaidi: kwa nyumba za kuishi, milimita 5 kwa sekunde pale marudio yanapokuwa chini ya hezi 10. Sababu ni kwamba nyumba zina marudio yao wenyewe, ya chini, na mtetemo unaolingana nayo huitikisa nyumba kama anayesukuma bembea kwa wakati wake. Mwalimu atakayeitumia mifano hii akumbushe kwamba nyumba zilizopimwa zilikuwa za huko, si za matofali ya kuchoma au za miti na udongo zilizo kandokando ya Mto Mara.

Wimbi ambalo halikuwapo

Kufikia hapa tumezungumzia kilele kinachopotea. Lipo kosa la kinyume, la mchoro kuonyesha kisichokuwapo. Kila aliyetazama video ya bodaboda iliyo kwenye mwendo ameona njiti za gurudumu zikirudi nyuma. Kamera ilipiga picha chache mno kuliko mzunguko wa gurudumu, na jicho likaunganisha picha hizo kwa mwendo ambao haukutokea. Mtetemo wa hezi 60 ukisomwa mara 50 tu kila sekunde utachorwa kama wimbi safi la hezi 10, zuri la kupendeza na la uongo mtupu. Tazama sasa vikomo vilivyotajwa hapo juu: hezi 60 na hezi 10 haziko katika safu moja, na uamuzi wa kama mlipuko ulivuka kikomo unaweza kugeuka kwa sababu ya kifaa kilichosoma polepole.

Kanuni ya kuzuia hili, inayohusishwa na Harry Nyquist aliyeandika mwaka 1928 na Claude Shannon aliyeandika mwaka 1949, inataka kusoma kwa zaidi ya mara mbili ya marudio ya juu kabisa yaliyomo. Marudio yanayozidi hapo yachujwe kabla ya kusomwa. Yakishasomwa, hakuna programu inayoweza kuyatenga na yale ya kweli. Baadhi ya tafsiri huliita tatizo hili "lakabu", kwa kuwa neno la kigeni linalotumika huashiria jina la kupanga. Lakabu ni jina la utani au la heshima analopewa mtu, na halina hila ndani yake. "Wimbi bandia" linaeleza kilichopo.

Upande wa pili wa mto, wilayani Serengeti, kosa hili lina ndugu yake mpole. Nyumbu waliovishwa kola za kutambua mahali walipo hutoa taarifa mara chache tu kwa siku, na programu huunganisha nukta hizo kwa mistari minyoofu. Mwanafunzi anayeitazama ramani hudhani mnyama alipita pale, akavuka mto hapa, ilhali mstari umechorwa na kompyuta na nukta pekee ndizo zilizopimwa. Vivyo hivyo kwa kina cha Mto Mara pale kinaposomwa na mtu kwenye ubao wa kupimia mara moja au mbili kwa siku: mafuriko yaliyopanda na kushuka usiku hayatakuwamo katika mstari. Maneno ya kuongeza chini ya michoro hiyo ni mafupi: "nukta zimepimwa, mstari ni wa kuunganisha tu".

Saa ngapi?

Mhimili wa ulalo huandikwa muda, na hapa Kiswahili kina saa yake. Vifaa vingi vya kupima mitetemo hurekodi kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Tetemeko la Kagera lililotajwa hapo juu limeandikwa katika kumbukumbu za kimataifa kuwa lilitokea saa 12:27. Kwa saa za hapa ilikuwa 15:27, na aliyekuwapo atakwambia ilikuwa saa tisa na dakika 27 alasiri. Tarakimu tatu kwa tukio moja. Mkazi aliyesikia mlipuko saa tisa na nusu, akionyeshwa mwiba ulioandikwa 12:30, ataambiwa na macho yake mwenyewe kwamba huo ni mlipuko mwingine, au kwamba wake haukupimwa. Katika mhimili bakiza mtindo wa saa 24, kwa kuwa programu haitakubali vinginevyo, lakini katika maelezo taja saa kwa Kiswahili pamoja na kipindi cha siku.

Tuweke pamoja maelezo ya mchoro mmoja wa kubuni. Rasimu ya kwanza ya mfasiri inaweza kuwa hivi: "Kiwango cha juu cha kasi ya mtetemo: 10.0. Masafa: 18. Masafa kutoka kwenye chanzo: 900. Sampuli: 2,048. Data zimepunguzwa." Kila neno limo kwenye kamusi na hakuna sarufi iliyovunjwa.

Ikiandikwa upya: "Kilele cha kasi ya kutikisika kwa ardhi kilikuwa milimita 10.0 kwa sekunde, kwa marudio ya hezi 18, saa tisa na nusu alasiri (15:30). Kifaa kilikuwa umbali wa mita 900 kutoka kwenye mlipuko na kilisoma mtetemo mara 2,048 kila sekunde. Huu ni mchoro wa vilele: kila mstari wima unaanzia kwenye usomaji wa chini kabisa na kuishia kwenye usomaji wa juu kabisa katika sekunde 45. Usomaji wote umehifadhiwa." Ni maneno mengi zaidi, na mbunifu wa ukurasa atalalamika kwamba hayatoshei chini ya picha. Apunguze ukubwa wa picha.